Bwana Mlango na Ufunguo Wake

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, mtaa mzima unamwita Bwana Mlango, na yeye anadhani ni heshima. Kazi yake ni moja. Tuta linalozuia mto usiingie mtaani lina tundu, mfereji wetu upate kumwaga maji mtoni, na kwenye tundu hilo kuna mlango wa chuma. Mto ukiwa chini, mlango uwe wazi, mtaa ukauke. Mto ukipanda, ufungwe, usije ukaturudia kwa njia ya mfereji. Basi. Hata kuku ungemfundisha angeelewa.

Kwa kazi hiyo alipewa kofia, buti za mpira na ufunguo, akauvaa shingoni kwa kamba nyekundu. Hata akija kwangu kwenye cherehani kupimwa shati hauvui.

"Taratibu, shemeji, usiguse mali ya serikali."

"Mali ya serikali ni huo ufunguo au hilo tumbo?"

Ubaya wake ni kwamba mto hakuwahi kuutazama. Alitazama mawingu. Mvua ikianza tu, mbio kufunga, wakati mto bado umelala huko chini. Maji ya mvua yetu wenyewe yakakosa pa kwenda, tukayachota vyumbani kwa mabeseni. Jua likitoka, anafungua kwa madaha. Kwamba mto unatoka milimani, na mvua iliyonyesha huko jana inatufikia leo huku kwetu jua linawaka, hilo halikumpitia kichwani.

Mimi ningecheka tu, lakini mama mkwe wangu alikuwa amevunjika nyonga, kalala chumba cha chini, ukuta kwa ukuta na mfereji. Nilimsihi nimpandishe kwangu ghorofani.

"Mwanangu ndiye mwenye mlango," akasema. "Nikihama watu watasemaje? Mama yake mzazi hamwamini?"

Asubuhi moja, baada ya mvua ya kutwa, jua likatoka. Bwana Mlango akafungua, mtaa ukakauka, watu wakampigia makofi, akaenda zake kunyoa. Mimi naanika nguo, nikaona kandambili moja ya bluu, iliyokuwa imekwenda na maji kuelekea mtoni, inarudi. Mfereji umegeuka.

Nikampigia simu. "Shemeji, mto unaingia! Njoo ufunge!"

"Mto gani? Huoni jua?"

"Jua naliona, na maji yamo chumbani kwa mama yako!"

"Hayo yanatoka, hayaingii. Usinifundishe kazi."

Nikatupa simu kwenye beseni la nguo. Mimi na jirani yangu seremala tukamlaza Mama juu ya mlango wa kabati, tukampandisha. Kila ngazi alipiga ukelele, na kila ukelele nilimtukana mwanawe kimoyomoyo, mengine yakanitoka kwa sauti. Tulipofika juu, kitanda chake huko chini kilikuwa hakionekani.

Ndipo bwana mkubwa akatokea, kichwa kimenyolewa nusu. Aliingia maji ya kifua, akahangaika na mlango mpaka ukafungika, kisha akapanda kwangu akichuruzika kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki.

"Mama, hata tone la mvua halikudondoka. Ningejuaje?"

Mama akamtazama kile kichwa, upande wenye nywele, kisha upande usio nazo.

"Vua."

"Buti?"

"Ufunguo."

Tangu siku hiyo kamba nyekundu iko shingoni kwa Mama, humu kwangu, kitandani. Bwana Mlango akitaka kufungua au kufunga, anakuja kuomba.

"Mto uko wapi?" Mama anamuuliza.

"Mama, mawingu ya leo..."

"Mawingu nayaona dirishani. Nimekuuliza mto."

Anashuka zake mpaka tutani, iwe mvua, iwe jua, akautazame. Akirudi na jibu, anapewa ufunguo, akimaliza, anaurudisha. Kofia tumemwachia.