Mbwa wa Mlangoni kwa Dada

Mimi nasema hivi: mtu akitaka kukuletea mnyama, kwanza aje aone unapolala. Mwana wa dada yangu hakuja. Alipiga simu.

Dada ni fundi cherehani. Ana chumba kimoja tu: kitanda nyuma ya pazia, cherehani dirishani, nguo za watu zimening'inia hadi darini. Ujana wake aliumalizia kiwandani, kwenye ukumbi wa mashine za kushona sare, na zile kelele zikamla masikio. Sasa hasikii kitu, husoma midomo. Mteja akisema huku amegeukia kioo, mimi ninayeshona vifungo ndiye ninayemrudia maneno. "Usithubutu kumwambia mwanangu," alinionya. "Atanihamishia kwake, nikae kwenye kochi kama mzigo. Bila cherehani nitakufa, mdogo wangu." Nikaapa.

Basi wezi wakaanua nguo za jirani kambani, na mwana akasikia. Akapiga simu nikiwa nimetoka kununua nyuzi: nikuletee mbwa, mama? Dada akaona simu inawaka, akajibu anavyojibu simu zake zote: "Sawa mwanangu, Mungu akubariki." Kesho yake, lo! Jibwa likateremshwa kwenye gari, likafungwa mlangoni. Nikampigia mwana.

"Mama mdogo, mwenyewe alikubali!"

"Baba, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapa ni chumba kimoja, ua ni wa wapangaji wote. Kama ni lazima, ungeleta paka. Angelala chini ya meza, panya wakaacha kutoboa vitambaa vya watu."

Akacheka! "Paka? Mwizi akiingia, paka anampisha. Mambo ya ulinzi niachie mimi."

Hebu niambieni, mbwa wa kumbwekea mtu asiyesikia! Na maskini yule alibweka kutwa, kamba fupi, jua la utosi. Ningefungwa mimi vile ningebweka zaidi. Wateja wakawa wanaishia getini na mikoba yao. Jirani mwenye mtoto mchanga akaja kulalamika kutoka mlangoni, na dada, hana habari, akaendelea kukanyaga cherehani. Ikatangazwa ua mzima kwamba fundi ana dharau. Dada yangu, ana dharau! Mwenye nyumba akampigia mwana: hadi Jumamosi, aondoke mbwa au aondoke mpangaji.

Jumamosi mwana akaja, amefura. Hakumsalimu mtu.

"Mama mdogo, mama amekuwaje? Nimepiga hodi mpaka koo limekauka, hata kugeuka hageuki! Kumbe wanaosema ana kiburi hawajamsingizia. Kama mbwa tu anamshinda kumtuliza, leo afungashe, anahamia kwangu. Hiyo cherehani tutauza."

Hukanyagi hapa kumwangalia aliyekuzaa, halafu unakuja na gari la kumhamisha! Nilikuwa na maneno ya kumvua nguo mbele ya ua mzima, lakini niliapa. Nikayameza. Dada alikuwa ametupa mgongo, anapitisha mkono wa gauni chini ya sindano.

"Mwite," nikasema.

"Nini?"

"Si ni mama yako? Mwite."

Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Mama."

"Tena."

"Mama!" Akasogea mpaka nyuma ya kiti chake, akapaza sauti yote aliyokuwa nayo. "Mama!" Mtoto wa jirani akaamka, akaanza kulia. Mwana akanigeukia, akagusa sikio lake, akamnyooshea mama yake kidole. Sikumsaidia.

Dada akakata uzi kwa meno, akakung'uta gauni, akageuka kutafuta vifungo. Uso wote ukamng'aa.

"Jamani, mwanangu! Umeingia saa ngapi? Mbona hukupiga hodi?"