Mtihani wa Skauti Nyuma ya Shamba la Shangazi

Nikiwa kidato cha tano mjini Same, nilibakiza mtihani mmoja tu kufika daraja la juu kabisa la skauti: kulala porini peke yangu, bila msaada wa mtu. Mtahini, mwalimu mmoja mnene mwenye filimbi shingoni, alilichagua pori kwenye ramani ya simu. Lilikuwa Myamba, nyuma ya shamba la tangawizi la shangazi yangu. Nilimwambia. Akajibu kwamba kwenye ramani hakuna nyumba.

Tulifika ukungu umeshatanda. Nikasimamisha hema, nikapanga mafiga, nikapuliza kuni mbichi mpaka machozi yakanitoka. Moto haukuwaka, ila moshi ulitosha kuita kata nzima. Shangazi akatokea kwenye migomba na jembe begani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Baba yako amekufukuza?"

"Hapana. Niko kwenye mtihani wa skauti."

"Wa kulala nje?"

"Ndiyo."

"Mbuzi wangu hawajasoma, na wanalala ndani."

Mtahini akaingilia kati, akaeleza kwa adabu kwamba kanuni zinakataza mtahiniwa kusaidiwa. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama zinakataza na mtahini kusaidiwa. Manyunyu yalikuwa yameanza. Mtahini akatazama juu, akatazama hema langu, akasema hapo kanuni ziko kimya.

Wakaondoka pamoja. Moto ulipokubali, nilisonga ugali wenye mabonge nikaula na chumvi, huku harufu ya makande ya shangazi ikinijia. Nilimsikia mtahini akicheka huko ndani. Nilimchukia kwa moyo wote. Mvua ilipozidi, niliinuka kuchimba mfereji kuzunguka hema, nikalala nimekunja magoti, mkavu kasoro soksi.

Asubuhi mtahini alikuja amevaa koti la marehemu mume wa shangazi. Akakagua mfereji, akatikisa kamba, akachungulia sufuria na kukataa kuonja.

"Baridi ilikusumbua?"

"Kidogo."

"Mimi nimelala vizuri," akasema, kana kwamba nilimuuliza. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, kama maskauti tunavyosalimiana. "Umefaulu."

Nilitaka kuendelea kumchukia, nikashindwa. Meno yangu yote yalikuwa nje kwa furaha.

Beji nilivishwa baadaye mjini, uwanjani. Mgeni rasmi alinichoma na pini, akanong'ona pole, akaendelea na hotuba yake kuhusu ujasiri.