Jikoni Kwangu Hewani

Mume wangu alikuwa fundi wa redio mjini Isiolo. Miaka ile ya vita vya Shifta kaskazini mwa Kenya kila mtu alitaka habari, kwa hivyo kazi haikukosekana. Redio zilizokufa kabisa alikuja nazo nyumbani, nami bibi arusi nikawa nakula katikati ya spika na nyaya.

Jumapili moja aliniambia kwamba kwa vyuma vya redio mbili mbovu ameunda chombo cha kutuma sauti. Spika ndogo ndiyo ya kusemea. Waya ya kuanikia nguo ndiyo eria ya kurushia sauti hewani. Akaenda kusikiliza kwa jirani yetu, mama wa Kiborana mwenye redio kubwa, akaniacha niongee chochote.

Nilishikwa na haya peke yangu. Mwishowe nikasema salaam aleikum, hapa ni jikoni kwangu, maharagwe yanachemka, chumvi bado. Nilipoona sijakatazwa, nikaimba wimbo mzima wa arusi kwa Kimeru.

Kicheko cha mume wangu kilivuka ua. Yule mama jirani akaja mbio, shuka ikiburutika chini, akanishika mashavu kuhakikisha ni mimi. Alisema ameitikia salamu yangu mara tatu, akaudhika kwamba sijibu. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Kisha akataka na yeye aongee. Mume wake alikuwa mbali kule Merti na mifugo, na tangu barabara zifungwe hakuwa amepata habari zake.

"Mama, hii haifiki hata msikitini," mume wangu akamwambia.

"Najua. Wacha niseme tu."

Akasema kwa Kiborana, polepole kwanza, halafu kwa furaha kama mtu amekaa naye. Mimi nilishika maneno mawili matatu: ngamia, watoto, maziwa.

Hatukuwa tumefikiria serikali, kwamba kutangaza bila ruhusa ni kosa. Askari wa doria alikuwa akinywa chai kwenye hoteli ya karibu redio ilipoanza kutangaza maharagwe. Akaja kubisha hodi. Alikagua meza, akauliza mtangazaji ni nani, nikainua mkono kama mtoto wa shule. Alijaribu kukunja uso, akashindwa.

"Fungueni hii kitu vipande vipande sasa hivi," akasema, "kabla mkubwa wangu hajasikia."

Mume wangu alikata nyaya mbele yake. Askari alipoondoka tulitazamana, tukaanza kucheka upya, mama akiwa wa kwanza. Wiki hiyo vyuma vile vilitumika kutengeneza redio ya mteja.