Mlinzi wa Njia ya Farasi

Katika msitu wa mikaratusi juu ya mji wa Mbeya, Jumamosi ilikuwa siku ya farasi. Wazungu wa mjini na wa mashambani walipanda mlimani kutembeza farasi wao, na kampuni ya mbao iliwaruhusu kwa sharti moja: pale miti inapokatwa, njia ifungwe. Mwanzoni ilifungwa kwa gogo. Wapanda farasi wakaligeuza gogo kuwa mchezo, wakawa wanaliruka huku wakicheka. Ndipo meneja akaamua kwamba mbele ya gogo asimame mtu.

Mtu huyo alikuwa Asukile, Mnyakyusa wa Rungwe, mkata miti wa zamani ambaye shina moja lilimtegua nyonga. Kazi yake ilikuwa kusimama na kuinua mkono. Farasi wakageuzwa, basi. Kwa kusimama huko alipata posho ya unga na kibanda cha mabati, na mwanawe Yotamu, aliyevuta msumeno katika msitu huohuo, hakuwa na haja ya kumlisha. Hilo tu ndilo alilojali. Mengine yote, tangu mkewe afariki, yalimpita kama farasi wa watu.

Nyapara wao, Liberatus, aliyetoka Iringa, alipenda kumchokoza.

"Baba Yotamu, leo umesimama vizuri kuliko jana."

"Asante."

"Huchoki?"

"Nikichoka nitakuita, Mhehe, uje unisaidie kusimama."

Liberatus alicheka mpaka akapaliwa. Asukile alikuwa tayari anatazama njia.

Jumamosi moja ya Juni, mwaka 1956, ukungu ulikuwa mzito na misumeno ililia upande wa pili wa gogo. Kutoka juu akaja Tusajigwe, mke wa Yotamu, sanduku la miche kichwani. Alikuwa kibarua wa kitaluni, kule wanakooteshea miche.

Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Wakikutana, mwanamke huiacha njia, akainama vichakani mpaka mzee apite. Mchungaji alikwisha kusema kanisani kwamba hilo si sharti la Mungu. Waumini wakaitikia amina, wakaendelea kukwepana.

Lakini Tusajigwe alikuwa na mimba kubwa, na kando ya njia palikuwa na mteremko mkali. Alisimama, akageuza uso, asiweze kushuka wala kurudi. Asukile akaona kwamba leo wa kukwepa ni yeye. Akateremka korongoni taratibu kwa nyonga yake mbovu, akaipa njia mgongo, akangoja nyayo zipite. Zilikuwa nyayo za mtu mzito, zilichelewa. Zilipokwisha, akaanza kupanda. Ndipo aliposikia kwato juu yake, kicheko cha mwanamke, na farasi akiruka gogo.

Alipaza sauti. Mti ulikuwa umekwisha kuanza kuanguka.

Matawi yake yalimkumba farasi; bibi yule alitupwa akachubuka mikono. Farasi alivunjika mguu, na mume wa bibi, aliyekuwa nyuma, akampiga risasi palepale. Asukile alifika, akamtazama farasi kwa muda, kisha akarudi kusimama mahali pake.

Jumatatu aliitwa ofisini pamoja na Liberatus.

"Ulikuwa wapi?" meneja aliuliza.

"Korongoni, bwana."

"Kufanya nini?"

"Kujificha."

"Nani alikufukuza? Chui?"

"Mkwe wangu."

Edmund, karani, aligeuza kicheko kuwa kikohozi. Ikabidi Liberatus aeleze desturi, na meneja, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisikiliza mpaka mwisho.

"Na akipita tena?"

"Nitampisha tena."

"Sema hapana, mzee!" Liberatus alinong'ona.

"Si nitampisha kweli?"

Meneja aliwasha kiko, akafikiri. "Njiani hufai," alisema. "Lakini sikufukuzi. Kesho utaanza kumwagilia miche kitaluni. Huko hakuna farasi." Alitabasamu, kwa sababu aliona ametenda wema.

"Bwana, huko kitaluni ndiko..." Liberatus alianza. Asukile akamshika mkono wa shati, akashukuru, wakatoka.

"Umenizuia kwa nini?" Liberatus alifoka nje. "Mtakaa vipi kitalu kimoja wewe na mkwe wako?"

"Hatutakaa. Ungemwambia, angemtoa yeye. Kibarua mwanamke ndiye hutolewa kwanza."

"Basi wewe utakula wapi?"

"Ndugu yangu ana migomba Rungwe."

"Yule msiyesalimiana naye?"

"Huyohuyo."

Liberatus alimpa mkono. Akasema tu, "Nenda salama, baba."

Asukile alikunja blanketi lake na kukirudisha kibanda. Yotamu alitaka kwenda kwa meneja; baba yake akamwambia akavute msumeno, mwenzake anamngoja. Kisha akashika njia ya kushuka, ile inayopita mbele ya nyumba ya mwanawe. Tusajigwe alikuwa amefunga mlango ili mzee apite. Nyuma ya mlango mtu alikuwa akilia, na kwa kuwa hakuruhusiwa kumsemesha, Asukile aliongeza mwendo kidogo.

Alipofika barabara ya Tukuyu akakaa juu ya blanketi kungoja lori. Alijisikiliza kama ana uchungu. Alikuta ana njaa.