Mtoto Aliyelilia Cherehani

Mtaa mzima ulimwita Bi Kanyaga, maana tangu asubuhi mguu wake haukutoka kwenye pedali ya cherehani. Binti yake wa pekee alimlelea hapo hapo, miguuni pake, ndani ya kikapu alichokitandika vipande vya nguo za watu. Watoto wa wenzake waliimbiwa. Huyu alilazwa na ule mlio, taka-taka-taka, na ukinyamaza tu, alifumbua macho kama askari wa zamu.

Siku hizi binti kaolewa mbali, huko ambako nauli yake bora usiulize. Amejifungua, na mjukuu Bi Kanyaga anamjua kwa simu tu. Hamu ya kumbeba imemshika hasa. Mara nyingine hujikuta amepakata jora la kitambaa, analitikisa.

Mchana mmoja simu ikalia. Kilitangulia kilio, kisha sauti ya binti, imekauka.

"Mama, sijalala mwenzio. Nimembeba, nimemwimbia, nimemwogesha. Nifanyeje?"

"Niletee nimshike," mama alisema, na papo hapo akajuta, maana nauli aliijua mwenyewe.

"Washa cherehani, mama. Jaribu tu."

Akawasha. Ile mota aliyotumiwa na binti huyo huyo, kwa kuyahurumia magoti yake, ikavuma zzzz. Mtoto akazidisha.

"Siyo hiyo!" binti akasema, naye sasa analia.

Bi Kanyaga akachomoa mota, akarudisha mkanda wa zamani, akatoa uzi, akaiegemeza simu kwenye kopo la vifungo. Akakanyaga.

Muuza viatu wa chumba cha pili akachungulia. "Bibi, leo unashona hewa?"

"Nyamaza, nalea."

"Unamlea nani? Simu?"

"Hebu toka hapa!"

Kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kikaisha.

"Mwanangu?" akaita polepole.

Kimya. Akatega sikio. Pumzi mbili, jamani: moja ndogo, moja nzito. Kumbe na mama mtu kapitiwa.

Magoti yalikuwa yanawaka moto. Mteja aliyefuata sare akaingia, akaonyeshwa benchi kwa kidole. Bi Kanyaga alitamani kupumzika kidogo tu, lakini alijua mlio ukinyamaza, yule mkubwa ndiye angekuwa wa kwanza kufumbua macho.

Akaendelea kukanyaga.