Kungoja kwa Kiingereza

Wakati wa vita tulisoma Kiingereza katika mtaa wa Bwiza, nyuma ya duka la Mwarabu mmoja aliyetuachia stoo yake kila alasiri. Mwalimu wetu, Mrundi aliyekulia ukimbizini Tanzania, alitufungulia mapema ili tuwahi nyumbani kabla ya saa za kuruhusiwa kutembea kwisha.

Siku hiyo alitufundisha wait, expect na hope. Sisi neno kungoja lilitutosha kwa yote matatu. Akaeleza: wait ni kukaa mpaka mtu afike, expect ni kuwa na sababu ya kuamini kwamba atafika, hope ni kutamani tu, hujui lolote. Kila mtu atunge sentensi yake.

Jirani yangu, muuza vitenge, akasimama na mtoto mgongoni. Mumewe, dereva wa kamioneti ya mizigo, alikuwa amekwenda kuchukua mkaa milimani juu ya Gihosha, akapotelea huko. Mpaka siku ile mkewe alikuwa akimbakizia chakula.

"I expect my husband," alisema, akatabasamu kwa kupatia.

"Vizuri sana," mwalimu akasema. "Na sababu ya kuamini?"

"Shemeji yangu aliniambia alivuka mpaka kwenda Uvira. Njia ikitulia, atarudi."

Nyuma yetu alikaa fundi wa magari kutoka Cibitoke, ambaye ndiye aliyekuwa akitengeneza kamioneti ile. Akaweka kalamu chini.

"Mama, mi nilizani walikuambia."

"Kuniambia nini?"

Fundi alimtazama mwalimu, kisha akatazama sakafu. "Bwana yako alikufa. Mi na shemeji yako tulimuzika kule juu, karibu na gari. Gari iliungua yote."

"Apana," akasema jirani yangu. "Shemeji aliniletea salamu zake." Akarudia, "Salamu zake," huku akitutazama mmoja mmoja, kama vile yupo kati yetu atakayemuunga mkono. Hata kumpokea mtoto nilishindwa.

Tulikwenda naye moja kwa moja kwa shemeji. Yule kijana alipomwona fundi mlangoni, alikaa chini.

"Ulikuwa na mimba, dada," alisema. "Nikasema nitakuambia ukishazaa. Ukazaa, nikashindwa."

Jirani yangu hakumtukana. Aliuliza kama mumewe alioshwa na kuswaliwa. Kuoshwa, apana, hakukuwa na nafasi, lakini walimswalia. Basi akataka kwenda kwa shehe, aanze kukaa eda.

Shehe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwa upole kwamba eda ya mjamzito aliyefiwa humalizika anapojifungua. Yake ilikuwa imekwisha zamani.

Siku aliyojifungua nilikuwapo, na mimi ndiye niliyepiga vigelegele vya kwanza.

Alimshukuru shehe. Alipofika kwake alivaa nguo za msiba, akafunga mlango, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia kwamba haikulazimu.