Neno "my" na ng'ombe ambaye sikumchinja

Ndugu na marafiki, niwieni radhi kwa kuwasumbua, lakini leo nimeumbuliwa na neno la herufi mbili.

Katika darasa la watu wazima, hapa kanisani Lodwar, nilikuwa nikifundisha neno la Kiingereza "my", kwamba hutangulia kitu kilicho chako.

Niliandika ubaoni "my house". Kisha, bila kufikiri, "my wife".

(Mama watoto ametutoka miaka minne sasa. Mkono uliandika wenyewe.)

Ekai, kaka wa marehemu mke wangu, ambaye ni mwanafunzi wangu, akasimama kule nyuma.

"Mwalimu, futa hiyo ya pili."

"Kwa nini, shemeji?"

"Ng'ombe ya harusi ulichinja lini?"

Nikamjibu kwa upole kwamba tulifunga ndoa mbele ya padre.

"Huko tulikunywa chai tu! Kwetu, kama ng'ombe haijachinjwa, huyo bado ni yetu."

Darasa zima likacheka. Nami nilijaribu kucheka.

Nikafuta.

Tangu saa nane sijatulia. Nakaa, nasimama, natoka hadi langoni, narudi. Miaka thelathini na minane nilimwita mke wangu, wala sikuwahi kuuliza kwao walimhesabu wa nani.

Jioni hii nimempigia Ekai simu, nikamwomba ruhusa nimchinje huyo ng'ombe wa harusi, hata kama bibi harusi hayupo.

Akasema: "Ngoja niulize wazee wetu kule nyumbani, Kataboi."

Samahani kwa maneno mengi. Je, yupo kati yenu aliyewahi kuchinja akiwa amechelewa hivi? Nijibuni, tafadhali. Simu ninayo mkononi.